Kuambiwa "chora" si kufundishwa kuchora

Ilikuwa saa mbili na nusu usiku wa Jumanne pale kundi la WhatsApp la wazazi wa Gredi ya 7 lilipowaka moto. Mzazi mmoja alikuwa ametuma picha ya daftari la mwanawe: "Chora vitu vitatu vya jikoni. Tia kivuli." Chini yake akaandika, "Nani humu anajua kuchora? Nitalipa." Watu wakacheka. Mmoja akasema yule fundi wa mabango karibu na stendi humaliza sufuria tatu kwa shilingi mia mbili. Ndipo mama mmoja, ambaye kwa kawaida huandika "Amina" na "Poleni sana" tu, akauliza: "Lakini jamani, hawa watoto wanafundishwa kuchora, ama wanaambiwa tu wachore?"

Kundi likanyamaza. Nadhani wengi wetu hatukuwa tumewahi kuwaza kwamba hayo ni mambo mawili.

Ni mawili, na zogo kubwa la miaka hii kuhusu kazi za shule zinazoletwa nyumbani, yaani maboksi, manila, gundi na mama anayekesha akikata karatasi, linatokana na kuyachanganya. Ngoja niyatenganishe polepole, nikianza na somo lenyewe, maana hata jina lake limewapotosha watu.

Somo gani hili?

Hapa Kenya, sekondari msingi ni Gredi ya 7, 8 na 9, yaani watoto wa miaka 12 hadi 15 hivi. Kundi la kwanza liliingia Januari 2023 chini ya mtaala wa umilisi, ule ambao sisi wote bado tunauita CBC. Wakati huo sanaa za kuona zilikuwa somo la hiari. Mwaka 2024 orodha ya masomo ikafupishwa hadi tisa, na sanaa za kuona zikatiwa chungu kimoja na muziki, dansi, maigizo na michezo. Chungu hicho kinaitwa Sanaa Bunifu na Michezo, na kimetengewa vipindi vitano kwa wiki, dakika 40 kila kimoja.

Sasa piga hesabu. Vipindi vitano, mwalimu mmoja, na ndani yake mna mpira wa wavu, filimbi, ngoma, maigizo na penseli. Mwalimu anayependa kandanda atawapeleka watoto uwanjani, na simlaumu. Wengi wa walimu hao walisomea masomo mawili chuoni na sanaa haikuwa mojawapo. Wao wenyewe ni zao la 8-4-4, mfumo wa elimu ulioanza mwaka 1985 ukiwa na Sanaa na Ufundi kwenye ratiba, lakini uliofika ukingoni mtihani wake wa darasa la nane ukiwa na karatasi tano tu, sanaa ikiwa nje. Nakumbuka sisi kipindi cha sanaa kilikuwapo kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, kwa mwandiko mzuri kabisa. Kikifika, mwalimu wa Hesabu anaingia na chaki zake.

Kwa hiyo usishangae ukimwona mwalimu wa Kiswahili na Dini akiandika ubaoni "Chora vitu vitatu vya jikoni" kisha akaketi. Hafichi kitu. Hakupewa.

Kuna maneno manne ya kuyaweka sawa kabla hatujaendelea. *Sanaa za kuona* ni kazi ambazo mtu huzipokea kwa macho: michoro, uchapaji, ufinyanzi, uchongaji, ufumaji, picha za kamera, hata yale magari ya waya ambayo watoto hujitengenezea bila kuagizwa na yeyote. Tanzania utasikia zaidi "sanaa za ufundi". Jambo ni lile lile. *Stadi* ni kile ambacho jicho na mkono huweza kukifanya baada ya kuonyeshwa na kukirudia mara nyingi. *Mradi* ni kitu kinachotoka mwishoni, kile cha kupigwa picha na kutumwa kwa mwalimu. Na *kipaji* ni wepesi ambao mtu huanza nao.

Chukua chapati. Ukimwambia mtoto wa miaka 12, "Kesho lete chapati nne," umempa mradi. Ukimsimamisha kando ya meza ukamwonyesha unga unavyopaswa kulegea, mkono unavyosukuma, na kwa nini ya kwanza huungua kabla tawa halijatulia, hapo umempa stadi. Mtoto wa kwanza atakuja na chapati alizopikiwa na mama yake. Mwingine atakuja na kitu chenye umbo la ramani ya Sudan, lakini baada ya mwezi atakuwa anapika mwenyewe.

Umri unaouma

Kuna sababu ya kulisisitiza jambo hili kwa watoto wa sekondari msingi na si wa chekechea. Mtoto wa miaka mitano hachoki kuchora. Mpe makaa, atajaza ukuta. Mama ana kichwa kikubwa kuliko nyumba, jua lina macho, na msanii mwenyewe ameridhika kabisa. Mtoto huyo huyo akifika miaka 12 anatazama kazi yake, anatazama kitu chenyewe, na kwa mara ya kwanza anaona havifanani. Anakunja karatasi. "Mimi sijui kuchora," anasema, na kauli hiyo huenda akaishi nayo hadi uzeeni.

Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa aliyezaliwa Austria na kuhamia Marekani, aliandika sana kuhusu hatua hizi za uchoraji wa watoto katikati ya karne iliyopita. Kwa maelezo yake, kati ya miaka 9 na 14 hivi mtoto huanza kudai uhalisia katika picha zake, na dai hilo huja kabla mkono haujapata uwezo wa kulitimiza. Watu wamebishana na Lowenfeld kuhusu mipaka ya hatua zenyewe na kama zinafanana kwa watoto wa kila utamaduni. Lakini mwulize mtu mzima yeyote alikoma kuchora lini, utasikia jibu linaloangukia humo humo.

Macho ya mtoto yamekua na mkono umebaki nyuma. Kama hakuna anayeuvuta mkono usogee, anaacha. Huku kuuvuta mkono ndiko kunakoitwa kufundisha stadi za sanaa.

Kikombe cha chai

Niliamua kujaribu na kijana wangu, ambaye naye alikuwa na zoezi lile lile la vitu vitatu vya jikoni. Tukaweka mezani kikombe cha bati, kile cheupe chenye ukingo wa buluu uliobanduka. Nikamwambia achore bila msaada wangu. Dakika nne akamaliza.

Mdomo wa kikombe ulikuwa mviringo wenye ncha mbili kali, kama embe dodo lililolazwa. Kitako kilikuwa mstari ulionyooka kabisa, umepigwa kwa rula. Kishikio kilikuwa sikio la tembo.

Ukitaka kuelewa somo zima la uchoraji, lielewe kosa la kitako kile. Kwa nini alikinyoosha? Kwa sababu *anajua* kikombe kimekaa juu ya meza bapa. Angekipindisha, kikombe kingeyumba! Hakuwa anachora alichokiona, alikuwa anachora alichokijua. Kichwani kila mmoja wetu ana ghala la alama: mti ni fimbo yenye wingu juu, nyumba ni boksi lenye paa la pembetatu, jicho ni samaki mwenye nukta tumboni. Alama hizi zinatufaa sana kwa kuelezana. Kwa kuchora zinatupotosha, maana mkono huzikimbilia kabla jicho halijatazama.

Basi fanya hivi nawe, ukiwa na kikombe chochote. Kinyanyue mpaka mdomo wake uwe sawa na macho yako. Mdomo unageuka mstari mmoja. Kishushe kidogo kidogo: mstari unafunguka, unakuwa mviringo mwembamba, kisha mnene zaidi. Ukikiweka sakafuni ukakisimamia, ni duara kamili. Kikombe hakikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni mahali lilipo jicho lako.

Sasa kirudishe mezani. Kama mdomo, ambao uko karibu na usawa wa macho yako, umepinda kiasi fulani, kitako ambacho kiko chini zaidi lazima kipinde zaidi ya hapo. Kijana alipoambiwa hivyo alikataa. Akainama, akatazama kwa muda mrefu, akasema, "Aah. Kumbe."

Mviringo ule nao hauna kona. Watoto karibu wote huutia ncha pembeni, kwa sababu huuchora kama mistari miwili inayokutana. Dawa yake ni kuuzungusha mkono mzima hewani, kutoka begani, mara tano sita juu ya karatasi bila kuigusa, kisha kuuteremsha. Mistari ya kwanza iwe hafifu, ya kutafuta. Na raba ikae mbali. Mtoto mwenye raba mkononi hufuta kila mstari kabla hajaujua ulikosea wapi.

Kile kishikio cha sikio la tembo kilitibiwa kwa ujanja mmoja ambao walimu wa uchoraji huupenda kila mahali. Usichore kishikio, chora tundu lake. Kati ya kishikio na mwili wa kikombe kuna uwazi wenye umbo lake. Kichwani mwako hakuna alama ya "tundu la kishikio", kwa hiyo huna budi kutazama. Ukishalichora tundu sawasawa, kishikio chenyewe kinabaki pembeni yake kimekaa vizuri.

Kisha vipimo. Nyoosha mkono wote, fumba jicho moja, simamisha penseli, na kwa kidole gumba weka alama ya upana wa kikombe. Igeuze penseli upime urefu wake. Je, urefu ni upana mmoja na robo? Mmoja na nusu? Mkono usikunje kiwiko, la sivyo kila kipimo kitakuwa na rula yake. Umewaona wachoraji kwenye vikatuni wakinyoosha kidole gumba mbele ya mlima? Hawafanyi madaha. Wanapima.

Hayo yote ni dakika 40. Kipindi kimoja. Kikombe kimoja, tena bila rangi, bila gundi, bila boksi.

Kivuli, uso, rangi

"Tia kivuli," zoezi lilisema, na watoto wengi husikia "paka penseli upande mmoja, kisha sugua kwa kidole." Zima taa, weka yai jeupe karibu na dirisha juu ya karatasi nyeupe, ulitazame huku umefumba macho nusu. Utaona sehemu inayong'aa, kisha upande wa mwanga, kisha giza linaloingia taratibu bila mpaka, kisha kivuli kilichoanguka juu ya karatasi. Ukitazama kwa makini pale chini kabisa, ukingoni mwa upande wa giza, utaona weupe kidogo umerudi. Huo ni mwanga uliogonga karatasi ukaruka kulirudia yai. Mtoto akiuona huo mara moja atautafuta kwenye kila kitu, kuanzia chungwa hadi shavu la nyanya yake. Penseli ya HB ya dukani inatosha kuanza. Ukipata ya 2B au 4B, ambayo risasi yake ni laini na nyeusi zaidi, heri.

Uso una kosa lake maarufu: macho yamewekwa kwenye paji. Chukua rula usimame mbele ya kioo. Pima kutoka utosini hadi kwenye macho, kisha kutoka kwenye macho hadi kidevuni. Yanakaa katikati, au karibu sana na hapo. Hatuamini kwa sababu mambo yote tunayoyajali usoni yako chini ya nywele, na lile eneo la juu tunalipuuza kana kwamba halipo.

Kuhusu umbali nitasema kifupi. Simama ufukweni Mombasa. Mstari ambapo bahari inakutana na mbingu uko sawa na macho yako. Keti mchangani, unashuka nawe. Panda ghorofani, unapanda nawe. Ndiyo maana mistari yote ya reli au kingo za barabara iliyonyooka mbele yako hukimbilia kukutana juu ya mstari huo. Wachoraji wa nganya za Nairobi, zile matatu zilizorembwa, wanalijua hili vizuri, la sivyo majina yale makubwa ubavuni mwa matatu yasingeonekana kama yamechomoza kutoka kwenye bati.

Rangi ina kitendawili kinachowavunja watoto moyo. Wamefundishwa kwamba nyekundu na buluu huzaa zambarau. Wanachanganya zile rangi za bei nafuu za kwenye kibati, wanapata tope. Mtoto hudhani amekosea. Hajakosea. Nyekundu nyingi za madukani zina asili ya manjano ndani yake, na manjano ikikutana na zambarau huiua. Nyekundu inayoelekea waridi ndiyo inayozaa zambarau safi. Fungua printa ya rangi ya saiberi uone wino wake: haina nyekundu wala buluu ya kawaida. Ina waridi kali, samawati, manjano na nyeusi. Darasani jaribio hili lifanyike kwa makusudi: nyekundu mbili tofauti, buluu moja, kisha watoto waseme kwa nini majibu yametofautiana. Ni sayansi kabisa, na hakuna atakayelalamika kwamba kipindi kimepotea.

Na mpangilio, yaani nini kikae wapi kwenye karatasi, usiufundishe kwa maneno ya vitabuni. Tandaza kanga. Ina pindo linaloizunguka, ina mji katikati, ina jina lake chini. Muulize mtoto: jicho lako limeanza wapi? Pindo likiondolewa, ule mji unabaki na nguvu? Mbona maua ya pembeni yamerudiwa na la katikati ni moja? Nyanya zetu wamekuwa wakichagua mipangilio madukani miaka yote, na kukataa mibaya, bila kuhitaji istilahi.

Kuiga ni dhambi?

Hapa pana ubishi wa kweli, na si wa WhatsApp tu. Wazazi wengine hulalamika kwamba mtoto "ananakili tu katuni za simu". Wengine huona fahari mtoto akinakili picha ya mwanasoka ikafanana.

Elimo Njau, mzaliwa wa Tanzania aliyesomea Makerere na kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, anajulikana kwa onyo lake kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Maana yake ni kwamba ukirudia kazi ya mwenzio, kile kilichowekwa ndani yako hakiamki. Ni neno zito.

Lakini mtazame Edward Saidi Tingatinga. Dar es Salaam, mwaka 1968 hivi, alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta zinazong'aa, juu ya vipande vya mraba vya hadibodi. Jamaa na vijana waliomzunguka walijifunza kwa kuketi kando yake na kufanya alivyofanya. Alikufa mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu, na mtindo wake bado uko hai kwa sababu walioiga walikuwapo. Ndivyo pia ilivyo kwa mafundi wa milango ya Lamu na wachongaji wa mawe ya sabuni kule Tabaka, Kisii: kijana hushika patasi pembeni ya mzee, hurudia ua lile lile mpaka mkono uzoee.

Mimi nasimama wapi? Nadhani wote wawili wako sahihi ila wanazungumzia siku tofauti. Kuiga ili ujue mwenzio alilitatuaje tatizo ni kusoma. Kuiga ili upewe alama ni usingizi ule wa Njau. Mwalimu anaweza kuwapa watoto wanakili mkono mmoja kutoka kwa mchoraji wanayempenda, kisha papo hapo wachore mkono wao wenyewe wa kushoto uliolala mezani. Wa pili ndio utakaoonyesha kama wa kwanza ulifunza kitu.

"Hana kipaji", "hatuna vifaa", "simu itachora"

Kipaji kipo, sikatai. Kuna mtoto ambaye kitako cha kikombe atakipinda bila kuambiwa. Kuna pia anayeimba vizuri akiwa na miaka mitatu, na bado hatusemi wengine wasifundishwe wimbo wa taifa. Tunachokiita kipaji katika Gredi ya 7 mara nyingi ni mtoto aliyechora kila siku tangu darasa la pili huku wenzake wakipumzika.

Vifaa ndiyo hoja inayowakera wazazi zaidi, na wana haki, kwa kuwa orodha za manunuzi zimekuwa ndefu. Lakini stadi nilizozitaja hapo juu zinahitaji penseli na karatasi. Makaa ya jikoni yaliyochaguliwa vizuri huchora weusi ambao penseli haiufikii. Magazeti ya zamani yanafaa kwa mazoezi. Manjano ya kupikia, udongo mwekundu uliochujwa kwa kitambaa, majani ya sukuma yaliyopondwa na kahawa iliyokolea hutoa rangi nne za kuanzia, ukitia gundi nyeupe kidogo zishike. Zile za mimea zitafifia baada ya muda, hilo nalo ni somo. Mtoto anayeagizwa manila tatu na gundi ya kumetameta kwa kazi ya siku moja hafundishwi sanaa zaidi kuliko mwenye kipande cha makaa. Mara nyingi hafundishwi kabisa.

Kwamba sanaa ni ya wanaofeli Hesabu, nenda kamwulize mchoraji wa ramani za nyumba au fundi cherehani anayekata kitambaa bila kielelezo.

Na simu? Kweli, leo programu za akili unde zinatoa picha ya kikombe kwa sekunde. Kikokotoo nacho kinatoa jibu la 7 mara 8 na bado tunawafundisha watoto kuzidisha. Isitoshe, atakayeiagiza mashine picha bila kujua mwanga unatoka upande gani hataona pale mashine inapomletea vivuli viwili vinavyopingana. Ataituma hivyo hivyo kwa mteja.

Darasani, na kwenye fomu ya tathmini

Mwalimu mwenye watoto 60 atasema haya yote ni ya shule za matajiri. Nilifikiri hivyo pia, mpaka nilipomwona mwalimu mmoja wa shule ya umma akilipanga darasa lake. Hakuweka meza ya maonyesho. Alimwambia kila mtoto avue kiatu kimoja akiweke mbele ya jirani yake. Viatu 60, bila gharama. Akachora kimoja ubaoni huku akisema kwa sauti anachokiona: "Huu mstari naona umeinama... nimekosea, umeinama zaidi." Alikosea mbele yao kwa makusudi, au labda si kwa makusudi, na akaendelea. Kisha dakika tano wakachora kimya. Akawasimamisha, wakatembea kutazama kazi za wenzao bila kusema, wakarudi, wakachora tena kiatu kile kile upya.

Nililipenda jambo moja zaidi. Hakugusa karatasi ya mtoto hata mara moja. Alipotaka kumwonyesha mtoto kitu, alichora pembeni, kwenye kikaratasi chake mwenyewe. Nilipomwuliza akanijibu, "Nikichora juu ya kazi yake, si yake tena."

Tathmini hufanywa kwa viwango: kuzidi matarajio, kutimiza matarajio, kukaribia matarajio, chini ya matarajio. Shida haiko kwenye viwango. Shida iko pale mwalimu anapokuwa na kitu kimoja tu cha kutazama, yaani picha iliyotumwa na mzazi saa tatu usiku, na swali moja tu kichwani: imependeza? Kazi iliyopendeza inaweza kuwa ya fundi wa mabango. Kazi ya kumi ya mtoto ikiwekwa kando ya ya kwanza haina namna ya kughushiwa, kwa sababu makosa yake yanafuatana kama nyayo. Ndiyo maana daftari la michoro, lile la kurasa zisizo na mistari, lina thamani kuliko chombo chochote cha maua kilichotokana na chupa ya soda. Na ndiyo maana, mkienda kwenye mkutano wa wazazi, msiulize "Mtoto wangu ana kipaji?" Ulizeni: "Mwezi huu umewaonyesha nini, na naweza kuona alichochora kabla na baada?"

Alama hizi zina mahali zinapoelekea. Anayemaliza Gredi ya 9 huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu kwa ajili ya sekondari ya juu, na mmoja wapo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mtoto ambaye kwa miaka mitatu aliambiwa tu "chora" atauepuka, au atauingia kwa sababu amekosa kwingine.

Kikombe cha kwanza cha kijana wangu, chenye kitako cha rula na sikio la tembo, nimekibandika nyuma ya mlango wa jikoni. Nimeandika tarehe kwenye kona. Ameniomba mara mbili nikiondoe kabla binamu zake hawajaja. Nimemwambia nitakiondoa akifikisha cha kumi. Juzi alikuwa cha sita, na kishikio bado kinamsumbua.